Gari la Spoti kwenye Thika Road Kila Siku: Mwongozo Kamili wa Kupunguza Mafuta

Malalamiko huwa yale yale. Mtu anakaa Juja au Thika, kazi iko Upper Hill, Nairobi, na gari ni Subaru WRX, Legacy GT, Golf GTI au Toyota 86. Ameshabadilisha plagi, ameshamwaga kopo la dawa ndani ya tangi, ameshanunua kidude cha sumaku cha kufunga kwenye mpira wa petroli, na mshale wa geji bado unaanguka. Ukimuuliza gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja, anakujibu: "Elfu tatu haifiki Alhamisi."

Elfu tatu si kipimo. Bei inaweza kubadilika kila mwezi EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, inapotangaza tarehe 14, na shilingi zile zile hazinunui lita zile zile. Ndiyo maana wengi hushindwa: wanatengeneza kitu ambacho hawajakipima, halafu hawajui kama kimepona.

Hesabu ya haraka kabla hatujaanza. Thika hadi katikati ya jiji, kwenda na kurudi, ni karibu kilomita 90. Kwa siku 22 za kazi hizo ni kilomita 1,980. Gari likienda kilomita 7 kwa lita, unachoma lita 283. Likienda kilomita 9, unachoma 220. Tukiweka lita moja kwa shilingi 180 ili hesabu iwe rahisi, hiyo ni tofauti ya zaidi ya shilingi 11,000 kwa mwezi. Ndiyo tunayoitafuta hapa. Gari la turbo la lita mbili halitageuka kuwa Vitz, na anayekuahidi hivyo ana kitu anauza.

## Utakavyohitaji

- Kijitabu na kalamu ndani ya gari. Simu pia ni sawa, lakini kijitabu hakiishiwi chaji ukiwa kwenye pampu.
- Geji yako mwenyewe ya kupimia upepo wa tairi. Ile ya kituo imeangushwa chini mara nyingi mno.
- Kidude cha kusoma kompyuta ya gari (OBD2) na programu yake kwenye simu. Baadhi ya magari ya zamani ya soko la Japani hayasomeki na vidude vya bei rahisi, kwa hiyo omba kukijaribu kabla ya kulipa.
- Dawa maalumu ya kusafisha sensa ya hewa (MAF).
- Filta mpya ya hewa, ya karatasi.
- Wiki kadhaa za subira. Hii ndiyo huwashinda watu.

## Hatua ya 1: Pima kwanza, usiguse kitu

Chagua kituo kimoja na pampu moja. Jaza tangi mpaka bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza, kisha basi. Mhudumu atataka kuongeza ili ifike shilingi kamili, ni mazoea yao. Mwambie mapema. Mimi husema, "Jaza, ikijikata usiongeze hata tone," naye hunitazama kana kwamba nimekataa chai.

Rudisha saa ya kilomita za safari (trip) kwenye sufuri. Endesha kama ulivyozoea, bila kujitia adabu, mpaka tangi lifike robo. Rudi pampu ile ile, jaza mpaka ijikate, kisha gawanya kilomita ulizoenda kwa lita zilizoingia. Ukienda kilomita 322 na zikaingia lita 44, hiyo ni 7.3.

Fanya hivyo kwa matangi mawili. Tangi moja linadanganya: pengine kulikuwa na mvua, pengine lori lilianguka Githurai ukakaa saa mbili.

Kwa nini tangi zima na si safari moja? Thika iko chini kuliko Nairobi. Asubuhi unapanda, jioni unateremka. Ukipima jioni peke yake utafurahi bure.

Onyo: kama umebadilisha rimu au saizi ya tairi, saa ya kilomita haisemi kweli. Washa ramani ya simu kwa kilomita 20 za barabara wazi ulinganishe. Gari likisema 20 na simu 20.6, zidisha kila hesabu kwa 1.03. Najua mtu aliyeamini rimu mpya zimemharibia injini, kumbe saa ndiyo iliyokuwa ikimpunja.

Utajua umefaulu ukiwa na namba mbili zisizopishana sana. Zikipishana kwa zaidi ya kilomita moja kwa lita, piga tangi la tatu.

## Hatua ya 2: Upepo wa tairi

Pima asubuhi kabla gari halijatoka nyumbani. Tairi likishatembea hupata joto na upepo hupanda, kwa hiyo geji ya saa mbili asubuhi pale Roysambu haikuambii kitu.

Kiwango sahihi kiko kwenye kibandiko ukifungua mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa: 230 ni karibu 33 kwa kipimo cha psi ambacho watu wa pancha hukizungumza. Soma namba za mbele na za nyuma, mara nyingi hazifanani. Ukisema tu "weka upepo" utapewa 40 kila mahali au 28 kila mahali, kutegemea mhudumu.

Unaweza kuongeza psi mbili juu ya kibandiko bila madhara. Usizidishe. Tairi gumu mno hushika lami kidogo, na Thika Road ikilowa kwa mvua ya kwanza baada ya kiangazi huwa na utelezi wa mafuta na vumbi. Gari la nguvu halifai kuongezewa tatizo hapo.

## Hatua ya 3: Gurudumu linalojishika

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na ndiyo iliyoniumiza mimi. Miezi kadhaa nililaumu petroli, nikalaumu fundi, nikabadilisha kituo. Jioni moja nikashuka nyumbani nikasikia harufu kama ya nguo iliyoungua na pasi. Nikapeleka kiganja karibu na rimu moja baada ya nyingine. Tatu zilikuwa vuguvugu. Ya nyuma kushoto ilinifanya nirudishe mkono. Pistoni ya breki ilikuwa imekwama, na kila siku nilikuwa nikienda mjini na kurudi nikiwa nimekanyaga breki bila kujua.

Fanya hivi: endesha dakika 20 kwenye barabara wazi na kwa mwendo wa wastani, kisha simama taratibu ukitumia breki kidogo iwezekanavyo. Linganisha joto la rimu za upande wa kushoto na za kulia. Usiziguse, sogeza kiganja tu. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake, inua gurudumu hilo kwa jeki kwenye ardhi tambarare na ulizungushe kwa mkono. Likikataa kuzunguka vizuri, pistoni zinahitaji kusafishwa na kuwekwa mpira mpya. Mwambie fundi akague na waya wa handibreki pia.

Ukishamaliza breki, peleka gari likapimwe alaimenti. Matairi yanayotazama pande tofauti huburutwa badala ya kuzunguka, na mashimo ya barabara za mtaani huivuruga alaimenti mapema kuliko unavyodhani. Pitisha kidole juu ya uso wa tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kinyume chake. Ukihisi meno kama ya msumeno upande mmoja, jibu umelipata kabla ya kulipa.

## Hatua ya 4: Injini ivute hewa sawasawa na ipate joto lake

Anza na filta ya hewa. Weka ya karatasi. Zile za pamba zinazopakwa mafuta, fundi akizidisha mafuta hayo hurukia sensa ya MAF, nayo huanza kuidanganya kompyuta kuhusu kiasi cha hewa kinachoingia.

Sensa yenyewe isafishe injini ikiwa baridi na imezimwa. Chomoa waya, fungua skrubu mbili, nyunyizia dawa yake, acha ikauke kabisa, rudisha. Usiiguse kwa kidole wala kitambaa, ule uzi wa ndani ni mwembamba kama unywele. Dawa ya kabureta isitumike hapo.

Sasa chomeka kidude cha OBD2 usome vitu viwili.

Joto la maji. Injini nyingi zikishapata moto hukaa kati ya nyuzi 85 na 95. Asubuhi ya Julai, ukiwa umefungulia barabara baada ya Ruiru, likishuka hadi 70 na kubaki hapo, thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) imekwama wazi au haipo kabisa. Ndiyo, haipo. Bado kuna mafundi wanaoing'oa "ili gari lisichemke." Injini isiyopata joto lake huhesabiwa na kompyuta kuwa bado baridi, na huongezewa petroli safari nzima. Rudisha thamostati. Gari likichemka nayo, ugonjwa uko kwenye rejeta, feni au pampu ya maji, na huko ndiko kwa kutibu.

Marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yanayoandikwa LTFT. Yakiwa kati ya -10 na +10 kwa mia, endelea. Yakipanda juu ya hapo, kompyuta inaongeza petroli kwa sababu kuna hewa inayopenya mahali au sensa ya MAF ni chafu. Yakishuka chini sana, kuna petroli inayozidi, kwa mfano injekta inayovuja. Sensa ya oksijeni ya mbele nayo huzeeka bila kuwasha taa ya injini, ikawa mvivu. Kama gari limevuka kilomita 150,000 na sensa ni ya kiwandani, usishangae.

## Hatua ya 5: Ile "pshhh" unayoipenda

Hapa nitapoteza marafiki.

Turbo ikisukuma hewa na wewe ukaachia kanyagio ili ubadilishe gia, hewa hiyo lazima iende mahali. Vali ya kiwandani huirudisha ndani ya bomba kabla ya turbo. Vali ya kelele huitupa nje. Shida ni kwamba kwenye magari yanayotumia MAF, hewa hiyo ilishahesabiwa mlangoni. Kompyuta inamwaga petroli ya hewa ambayo haipo tena. Kila ukibadilisha gia, injini inapewa mchanganyiko mzito, na unaweza kuona moshi mweusi kwenye kioo.

Kwenye msongamano kutoka Roysambu hadi Pangani unabadilisha gia mara ngapi? Rudisha vali ya kiwandani. Hata ikiwa ya mtumba kutoka Kirinyaga Road, jaribu kuipuliza kwanza uone kama haivuji.

Utajua umefaulu gari likiacha kupiga kikohozi kati ya gia ya kwanza na ya pili.

## Hatua ya 6: Petroli gani

Fungua kifuniko cha tangi usome kibandiko. Kikiwa kwa Kijapani, programu ya simu inayotafsiri picha itakusaidia. Kikitaka petroli ya okteni ya juu (inayostahimili mgandamizo bila kuwaka kabla ya wakati), kama magari mengi ya turbo, ipe hiyo. Ukiipa ya chini, kompyuta ikisikia injini inagonga hurudisha nyuma wakati wa kuwasha cheche, nguvu hupungua, nawe unakanyaga zaidi. Ulichookoa kwenye pampu unakilipa barabarani. Turbo iliyoongezwa presha na petroli ya chini, hapo hatuongelei tena mafuta bali pistoni.

Gari lisilodai okteni ya juu halitakushukuru kwa hiyo petroli ghali.

## Hatua ya 7: Mguu

Hatua zote za juu zinarudisha gari mahali lilipopaswa kuwa. Hii ndiyo inayokupa akiba yenyewe, na haihitaji spana.

Angalia mbali. Petroli uliyoichoma kufikisha gari kilomita 90 kwa saa, ukikanyaga breki imekuwa joto na haikurudii. Kwa hiyo mchezo wote ni kutohitaji breki. Ukiona taa nyekundu za matatu kule mbele ya Garden City, achia kanyagio sasa hivi, usingoje uwafikie. Wenye haraka watakupita na kujiingiza mbele yako. Waache, utawakuta wamesimama.

Achia ukiwa ndani ya gia. Gari la injekta likiteremka ndani ya gia na mguu ukiwa juu, kompyuta hufunga petroli kabisa mpaka mizunguko ya injini kwa dakika ishuke karibu na 1,500 au chini kidogo. Ukiweka nyutro, injini lazima ichome petroli ili isizime. Wale wanaoteremka nyutro kuokoa mafuta wanayapoteza, na gari halina kitu cha kulizuia zaidi ya breki. Usifanye hivyo.

Usiiamshe turbo. Kama una geji ya turbo, mshale ukae chini ya sufuri karibu safari nzima. Turbo ikijaza, kompyuta huongeza petroli zaidi ya mahitaji ya kuchoma ili kupoza silinda. Ondoka kwa upole, panda gia kati ya mizunguko 2,000 na 2,500. Lakini usiiburute injini chini ya 1,500 kwenye gia ya tano huku umekanyaga hadi nusu, hiyo ni kuitesa. Legacy na STI zenye kile kitufe cha SI-Drive cha kuchagua ukali wa injini, weka kwenye I, ile ya upole. S#, ile kali kabisa, ni ya Jumapili.

Wenye Toyota 86 hawana turbo, na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Gari litaonekana zito kuliko lilivyo. Kubali uzito huo badala ya kuupiga kwa kanyagio.

Mwendo. Upinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka 80 hadi 110 unakaribia kuwa mara mbili. Kwa kilomita 35 za wazi, 110 itakuchukua dakika 19, na 85 itakuchukua chini ya dakika 25. Dakika sita hizo utazikalisha Muthaiga ukimtazama muuza karanga. Kaa 80 hadi 90 kwenye njia inayokufaa, na usijifiche nyuma ya lori ukitafuta kivuli cha upepo. Utakuwa karibu mno usiweze kusimama, na mawe yake yatakula kioo.

Kusimama. Injini ya lita mbili ikinguruma bila kwenda hunywa karibu lita moja kwa saa. Asubuhi usiipashe moto dakika kumi getini: washa, funga mkanda, ondoka taratibu, itapata moto ikitembea. Turbo taima, kile kidude kinachoiacha injini ikinguruma baada ya kutoa ufunguo, nayo ipunguze. Kama kilomita ya mwisho umeitembeza polepole ukitafuta pakingi, turbo imeshapoa.

Ukiweza kutoka Thika kabla ya saa kumi na moja na nusu asubuhi, hakuna ushauri mwingine humu utakaoushinda huo. Wengi hawawezi, wana watoto wa kupeleka shule, kwa hiyo sitaurudia.

## Hatua ya 8: Pima tena, kitu kimoja kwa wakati

Baada ya kila hatua kubwa jaza tangi na uandike. Ukibadilisha breki, sensa na mguu wiki moja, hutajua kilichofanya kazi, na kikiharibika tena hutajua pa kuanzia. Breki na tairi zinaweza kwenda pamoja. Mguu uwe wa mwisho, peke yake, kwa matangi mawili.

Kwa gari lililokuwa na kasoro mbili tatu ndogo, kupanda kwa kilomita moja na nusu hadi mbili kwa lita ni jambo la kutarajia. Lililokuwa zima litapata faida yake karibu yote kwenye hatua ya 7.

Buti pia lisafishe, ila tairi la akiba na jeki vibaki.

## Namba ikikataa kusogea

Nusa kwanza. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua boneti. Ukisikia harufu ya petroli, usiwashe gari, kwa sababu mpira wa petroli uliokauka juu ya injini yenye moto ni hatari ya kuungua. Ubadilishwe hapo hapo lilipo.

Kisha plagi. Kwenye Subaru zimejificha pembeni karibu na chesi, na zingine haziachii bila kutoa betri na tangi la maji ya kioo. Fundi mwenye haraka hubadilisha za upande ulio rahisi na kukulipisha zote. Dai plagi nne kuukuu mkononi kabla ya kulipa, na uzitazame: zenye masizi meusi makavu zinaonyesha petroli imezidi, zenye unyevu wa mafuta zinaonyesha oili inapita.

Zikiwa na oili, omba kipimo cha kompresheni (mgandamizo wa hewa) cha silinda zote. Andika namba nne hizo kwenye kijitabu kile kile, chini ya tarehe na kilomita. Moja ikiwa chini kuliko wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, acha kununua sensa, anza kuweka pesa za injini.